Mabati Saba Juu ya Kuku wa Hitima

Nilipomaliza darasa la usiku nilikuwa mtu wa kuogopwa. Nilisoma kila kilichoandikwa: magunia ya unga, makopo ya samli, karatasi za kufungia njugu. Nikishasoma kwa macho nilisoma tena kwa sauti, na sauti yangu siku hizo, wallahi, iliwarusha kunguru wote kutoka Galu mpaka Tiwi. Mke wangu aliniomba angalau nisisome wakati wa kula. Ilikuwa miaka ya hamsini, na katika kijiji chetu, kusini kidogo ya Galu, karibu kila mtu alikuwa amepita chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, akajua herufi za Kiarabu, lakini wanaume waliojua herufi za Kizungu walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mimi peke yangu nilijihesabu kuwa vidole vitatu.

Nayasema haya mwanzo ili ijulikane kwa nini mwanamke aliyejua kila kitu kuhusu kuku alinyamaza, na mimi nisiyejua hata kuku analala na jicho gani wazi, nikaezeka.

Mwanamke huyo alikuwa mama mkwe wangu. Mke wangu ni mtoto wake wa pekee, kwa hivyo baba mkwe alipofariki tulihamia katika boma lake ili asikae peke yake. Kuishi boma moja na mkwe si jambo dogo kwetu. Heshima ya ukwe ilikuwa na mipaka yake, na mama yule aliijua mipaka hiyo kama mtu ajuavyo njia ya kisimani. Hakupita mahali nilipokaa. Mimi sikukanyaga jikoni kwake. Tukikutana njiani mmoja aliingia majanini akatazama pembeni mpaka mwenzake apite. Akitaka kukatiza uwanja alikohoa kwanza nyuma ya ua, nami nikageuza uso au nikaondoka. Maneno yote baina yetu yalipita kwa mke wangu, aliyekuwa akienda na kurudi siku nzima kama mtu wa posta. Katika mwaka ule wa kwanza sidhani mama alinitamkia maneno kumi ya ana kwa ana, na saba katika hayo yalikuwa kuitikia salamu.

Sasa jambo lenyewe. Baada ya mazishi ya baba mkwe, ndugu yake mkubwa, ambaye mke wangu humwita ami, alisema mbele ya watu kwamba mjane mwenye binti mmoja tu hataiweza hitima ya mwaka, kile kisomo cha kumwombea marehemu na chakula chake, na kwamba ikifika siku yeye ataleta mbuzi. Hakusema kwa ubaya. Lakini mama mkwe alijibu kutoka nyuma ya pazia kwamba watakaomsomea mumewe watakula alichokifuga yeye kwa mikono yake. Maneno ya namna hiyo yakishatoka hayarudishwi.

Akaanza na matetea wawili na jogoo mmoja. Mwaka haujaisha akawa na kuku, nikisema mia tano mke wangu atanikatiza, basi nitasema kumi na wanane. Watatu kati yao walikuwa matetea wenye vifaranga, hao waliachwa. Kumi na watano walikuwa wa hitima. Mama aliwajua mmoja mmoja, tabia zao na kizazi chao, na asubuhi akiwamwagia chenga za mahindi alikuwa akizungumza nao maneno mengi kuliko aliyowahi kuzungumza na mimi.

Balaa ilikuwa kicheche. Kuku walilala nyuma ya jiko katika kibanda kilichochoka, na kicheche alikuwa akiingia humo kama mwenye nyumba. Ndipo mama alipomtuma mke wangu kwangu: aniombe nijenge banda jipya, lenye uwanja wake mdogo uliozibwa juu, ili mwewe naye asipate nafasi. Nilifurahi nusu ya kupaa. Mkwe wako kukuomba kitu ni kukuonyesha kwamba umekuwa mtu.

Mama alikuwa amekwisha kutengeneza paa lake. Mke wangu alinionyesha: makuti arobaini, ameyashona mwenyewe jioni baada ya jioni, kila kuti limekunjwa juu ya ufito na kushonwa sawasawa, yameegemezwa ukutani yakikauka. Kazi safi kabisa. Nikayatazama kama mtu aliyeletewa kibuyu wakati mkononi ana gilasi.

"Mwambie mama asijisumbue," nilisema. "Banda hili litakuwa la bati."

Bati lilikuwa na habari yake. Nilikuwa nikifanya kazi ya kufyeka katika shamba la Mzungu mmoja Galu, na nyumba yake ya ufukweni ilipobadilishwa paa aliniachia mabati ya zamani, saba, yenye kutu pembeni tu. Niliyabeba kichwani mchana kweupe, kwa safari nne, na nilichagua njia ndefu makusudi ili yaonekane. Yalimeta. Nadhani manahodha waliokuwa baharini siku ile walipoteza mwelekeo.

Tena nilikuwa na ushahidi wa maandishi. Mwalimu wetu wa darasa la usiku alikuwa ametugawia kijitabu cha ufugaji wa kuku, kurasa chache tu, tujifunzie kusoma. Kiliandikwa kwa ajili ya watu wa bara, huko kwenye baridi, lakini hilo sikulitia maanani. Ukurasa wa kwanza tuliurudia darasani mpaka nikaujua kwa moyo, na ukurasa huo ulilisifu bati: halikai utitiri, halifichi nyoka, halivuji, halishiki moto. Nilimsomea mke wangu uwanjani, kwa sauti ya kumfikia mama jikoni, na ya kuwafikia majirani wa pande zote nne.

Mke wangu akaenda, akarudi. "Mama auliza upepo utaingilia wapi."

Lilikuwa swali la mtu anayejua anachouliza. Mabati yalikuwa saba tu, na nilitaka yatoshe banda pamoja na uwanja wake, kwa hivyo paa nililishusha likawa chini, likinifikia kifuani. Kuta nilizisiliba udongo mpaka juu kabisa kwa ajili ya kicheche. Mlango na matundu niliyaelekeza barabarani, wala si baharini unakotoka upepo, kwa kuwa nilitaka wapita njia wauone uso wa banda. Sababu hiyo ya mwisho sikuisema. Nilisema kwamba kuku hahitaji upepo, ana manyoya.

Mke wangu akaenda, akarudi tena, safari hii polepole. "Mama asema, mkwe ameshasema."

Nikacheka kwa furaha. Nilidhani nimeshinda. Leo mtu akiniuliza ni maneno gani katika maisha yangu ningependa kuyasikia upya kwa masikio mengine, nitamtajia hayo. Mama hakuwa amekubali. Alikuwa amefika kwenye mpaka wake. Mwanamke wa heshima zake hakuweza kumbishia mkwe mara ya pili, na mkwe mwenye adabu alitakiwa aelewe kwenye mara ya kwanza.

Miezi ya baridi banda likanifanya mfalme. Mchana kuku walikuwa wakitembea huku na huko wakijitafutia, na usiku wakiingia kulala, mlango ukafungwa, kicheche akazunguka akaondoka na njaa yake. Mvua ikinyesha juu ya yale mabati ilikuwa ngoma tupu. Watu walisimama barabarani kutazama, nami nilitoka na kijitabu changu. Makuti ya mama yalibaki ukutani. Siku moja nilisema, kwa utani ule wangu, kwamba tungeyawashia jiko. Mke wangu hakucheka.

Ikaja Kaskazi na jua lake, na kwenye jua hilo ikafika hitima ya mwaka, siku ya Ijumaa.

Kwetu kuku wa shughuli ya dini hachinjwi hivi hivi akitoka jalalani. Hufungiwa siku tatu, akalishwa nafaka safi na maji safi, mpaka uchafu aliookota umtoke. Mama alikuwa mkali kwa jambo hili. Jumanne asubuhi akawaingiza wote kumi na watano, akafunga. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu banda lijengwe kuku kukaa humo mchana. Hilo halikunipitia akilini hata kidogo. Jumanne kulikuwa na mawingu. Jumatano pia, na vijimvua vya kupita. Alhamisi mbingu ikawa nyeupe, upepo ukafa. Minazi ilisimama kama imechorwa.

Saa nne asubuhi wakaja ami na mwalimu wa chuo, aliyekuwa asimamie kisomo, ili kupanga mambo ya kesho. Niliwatandikia mkeka chini ya mkorosho ulio kando ya banda. Palikuwa na vivuli vizuri zaidi ya hicho, lakini nilitaka walione paa wakiwa wameketi. Tukaletewa kahawa. Ami aliuliza, kwa upole, kama mambo ya chakula yametengemaa au alete yule mbuzi. Nikalipiga banda kofi ubavuni nikamwambia mbuzi wake aendelee kula majani kwa amani. Kisha nikatoa kijitabu.

Nilikuwa katikati ya ukurasa wa kwanza niliposikia kikohozi nyuma ya ua. Sikugeuka. Pale tulikuwa wanaume watatu tumekaa kwenye njia ya banda, mmoja mkwewe na mmoja shemeji yake mkubwa; mama hakuwa na pa kupita bila kutukatiza. Akakohoa tena. Punde mke wangu akatoka, akainama karibu yangu.

"Mama asema kuku wamenyamaza."

"Si ndiyo wametulia," nilisema, kwa sauti ya kuwafanya wageni wacheke, nao wakacheka kidogo. Nikaongeza kwamba kuku wa nyumba ya bati hawapigi kelele ovyo, wamestaarabika. Mke wangu alinitazama kitambo, akarudi. Mabati yalikuwa yakialika juu kwa joto, tak, tak, nami nikawaeleza wageni kwamba huo ndio mlio wa bati la Kizungu, linajinyoosha.

Haikupita muda akaja tena. Safari hii alisema mama auliza kama wafunguliwe kidogo wapate hewa, au asogezewe nafasi awapelekee maji. Nilikasirika. Kufungua banda mbele ya ami ilikuwa ni kukiri kwamba banda lina kasoro. Nikasema kuku wa hitima hafunguliwi, siku tatu ni siku tatu, na mwewe yuko juu. Mwalimu wa chuo akatikisa kichwa kukubali ile habari ya siku tatu, kwa sababu yeye alijua hukumu, hakujua hali ya mle ndani. Mke wangu akaondoka. Kikohozi sikukisikia tena.

Adhana ya adhuhuri ilipolia wageni waliinuka kwenda msikitini. Niliwaambia watangulie, nachukua udhu nawafuata. Walipopotea njiani ndipo nami nikahisi kile kimya. Kuku kumi na watano, na hakuna hata mlio wa kucha. Niliinamia mlango, mkono wangu ukagusa ukingo wa bati, nikaurudisha upesi kama niliyegusa chungu jikoni. Nikafungua.

Joto lililonipiga usoni sijapata kulikuta tena, na nimewahi kufanya kazi kwenye tanuri la chokaa. Kuku walikuwa wamelundikana kwenye kona iliyo mbali na jua, wengine juu ya wengine, midomo wazi, mabawa yamefunguka kama nguo zilizoanikwa. Chombo cha maji kilikuwa kikavu. Nikavuta wa kwanza, ana uzito wa kitu kisicho na mwenyewe. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu alipepesa jicho.

Kisu kilikuwa karibu, nilikuwa nimekinoa tangu asubuhi kwa ajili ya kesho. Nikamgeuza kibla, bismillahi, Allahu akbar, nikamchinja, damu ikaruka. Nikapekua lundo. Nikampata mwingine anahema, kisha mwingine, kisha mwingine. Wanne. Wote wanne nilichinja kwa haki na damu ikaruka kwa haki. Ningesimama hapo leo ningekuwa nasimulia kisa cha mtu mjinga tu.

Sikusimama. Nilimshika wa tano. Huyu shingo ilikuwa imelegea na jicho limeingia ukungu, nilijua, nilijua kama ninavyojua jina langu. Nikatazama njia ya msikitini, hakuna mtu. Nikapitisha kisu. Damu haikuruka, ilichuruzika nzito, ikasita. Bismillahi sikuitamka. Nikamtupa pamoja na wale wanne. Nikashika wa sita. Nilikuwa nikienda haraka, nikiwachanganya, nikiwapaka damu ya wale wa kwanza ili wote wafanane. Nilifika wa kumi na watano bila kuinua uso.

Nilipouinua, mama mkwe alikuwa amesimama pembeni mwa ua na kata ya maji mkononi. Wanaume walipoondoka, labda akidhani nami nimekwenda nao, ndipo kwanza alipata njia ya kuja kuwanywesha. Sijui alikuwa amefika zamani kiasi gani. Macho yetu yalikutana, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Kisha akavuta kanga usoni, akayamwaga yale maji chini taratibu, akarudi jikoni.

Msikitini sikwenda. Nilikaa na lile lundo, na akili yangu, ambayo husimama tu nikiambiwa nifikiri, ilikuwa inakimbia kwa kutafuta maneno. Wageni waliporudi nikawa nayo. Nikawaambia niliona joto limezidi, nikaona heri niwawahi leo hii hii, nyama ikaangwe kidogo isiharibike, kesho imaliziwe. Nilisema nimewawahi wote. Nilisema kwa kicheko. Ami akanipiga bega, mwalimu akaniombea dua, akasema mkwe wa namna hii ni rehema kwa mjane. Majirani wawili wa kike waliokuja kusaidia walikuwa wameshaweka maji motoni kwa ajili ya kunyonyoa manyoya.

Hapo ndipo mtego ulipokuwa. Kibudu, mnyama aliyekufa bila kuchinjwa, hakiliwi kwetu, na kesho watu wa kijiji kizima wangekaa kumsomea marehemu wakitoka katika sala ya Ijumaa, wakanyooshewa sinia la kibudu, na waliojua tulikuwa mimi na mama tu. Akisema, amemvunja mkwewe mbele ya watu. Asiposema, amewalisha haramu kwa jina la mumewe. Nikamwomba Mungu, Mungu anisamehe, anyamaze.

Mlango wa jiko ukafunguliwa. Hakukohoa. Alikuja moja kwa moja uwanjani, amejifunika kanga mpaka kwenye paji la uso, akapita mbele ya shemeji yake, akasimama hatua tatu kutoka kwangu. Ami mwenyewe alishtuka akasogeza miguu. Akawasalimu, wakaitika. Kisha akazungumza nami, kwa sauti ndogo ambayo hata hivyo kila mtu aliisikia.

"Baba, katika hawa, uliwawahi wangapi wangali hai?"

Angeweza kusema alichokiona. Hakusema. Aliniuliza. Nilielewa kwamba ananipa mlango, na kwamba hataushikilia kwa muda mrefu. Mimi mtu wa mia tano na elfu, mtu wa kuongeza chumvi mpaka kwenye chai, nikatakiwa nitoe hesabu ndogo iliyo sahihi.

"Wanne, mama."

Moto wa jikoni ulisikika ukipasuka. Mwalimu wa chuo aliacha kuvuta tasbihi.

"Ni wepi?"

Nikainama juu ya lundo. Niliinua mmoja mwekundu, nikamweka, nikainua mwingine. Wote walikuwa na shingo zilizokatwa, wote na damu; nilikuwa nimefanya kazi yangu vizuri. Nilipekua lundo lote mpaka chini. "Sijui, mama," nilisema. "Niliwachanganya."

Mwalimu alisema alichotakiwa kusema, bila kunitazama: kama hawajulikani, basi wanaachwa wote. Hata wale wanne waliochinjwa kwa haki, ambao wangetosha kutia harufu kwenye mchuzi na kumfanya mama aseme kwamba kuku wake walikuwemo, nilikuwa nimewaua mara ya pili.

Ami alijikohoza. Nadhani hakutaka kusema, lakini ilibidi mtu aseme. "Mbuzi nitamleta alfajiri," alisema.

Mama aliiweka sawa kanga yake kichwani.

"Ahsante, shemeji," alisema, akarudi jikoni kuwaambia wanawake waipue yale maji.

Nilichimba shimo nyuma ya minazi na kuwafukia peke yangu, na hakuna aliyekuja kunisaidia wala kunitazama. Ijumaa hitima ilisomwa, watu wakala wali wa nazi na mbuzi wa ami, wakashukuru. Mimi nilibeba birika la kunawisha wageni mikono, maana kazi hiyo haihitaji kusema neno. Jumamosi nikayashusha mabati. Nilipumzika kivulini nikatoa kijitabu, na kwa mara ya kwanza nikaufungua ukurasa wa pili. Huo hatukuurudia darasani. Ilinichukua asubuhi nzima, herufi kwa herufi, kidole chini ya mstari. Ulisema kwamba katika nchi ya joto bati lisiwekwe chini, liinuliwe, litandikwe majani juu yake, na banda liachwe wazi upande wa upepo. Yaani ulisema alichouliza mama.

Nikainua nguzo, nikabomoa ukuta wa upande wa bahari nikauziba kwa fito zilizoachana, nikaezeka makuti yake arobaini. Mchana ukiingia mle ndani ulikuta ubaridi kama wa mtungi. Matetea watatu waliobaki walihamia na vifaranga vyao. Mama alimtuma mke wangu kusema kwamba banda ni zuri. Kikohozi cha nyuma ya ua kikarudi, na njiani tukaendelea kupishana majanini, kila mtu akitazama upande wake, kama zamani.

Ila jioni ile ya Ijumaa mke wangu alikuwa ameniletea neno ambalo mimi sikutumiwa. Wanawake jikoni walikuwa wamemzunguka mama wakiuliza, kama ilivyo kawaida, ilikuwaje kuku wote wale wakafa mara moja, nani aliyetaka bati kwenye banda katika nchi ya jua kama hii. Mama aliwajibu akiwa anapakua wali, wala hakuinua uso. Aliwaambia bati alilitaka yeye. Alisema mkwe wake alitaka makuti, yeye akambishia, na zile sifa zote za bati mkwe alizisoma kumridhisha yeye tu.

Niliinuka nikavaa kanzu niende nikawaambie. Nilifika mpaka kizingitini. Nikasikia wanaagana, wanacheka jambo lingine, nikajisemea watakuja kesho. Kesho walikuja na sikusema, na kesho yake sikusema, na wale wanawake walizeeka wakiamini hivyo, na mmoja wao aliwahi kunipa pole mimi, akasema kuwa mkwe wangu alikuwa mama mwema lakini mbishi kwa mambo ya mabanda. Nilimwitikia. Nilisema ahsante.